Presha ya Dada Towa

Sakanoshita, Akita
14 Mei 1982

Mdogo wangu Seigo,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi nipo, nyumba ipo, na mlima bado una theluji kichwani ingawa huku bondeni tumeshaanza kupandikiza miche. Maji yamechelewa kufika kwenye jaruba letu la chini kwa sababu jirani yetu Kamata kaziba mfereji tena kwa mawe, na mimi nimeuzibua tena kwa jembe. Ana miaka sabini na moja na bado hajajifunza kuona haya. Mkewe ameniletea mboga za mwituni, nadhani kwa kumwonea aibu mumewe. Nilizichemsha nikala peke yangu, nikakukumbuka, maana ulipokuwa mtoto ulikuwa unazitema chini ya meza ukidhani sikuoni.

Umeniuliza tena habari za simu. Nilikujibu mwaka jana na mwaka juzi: sitaki. Nyumba zote za hapa zimeshawekewa, na kazi yake ni kusengenyana tu. Barua inatosha. Barua unaweza kuisoma mara mbili.

Kuhusu Obon, sikukuu ya kuwakumbuka wafu wetu, usije. Paa la upande wa kaskazini linavuja na fundi amesema atalifumua katikati ya Agosti. Utalala wapi? Makaburi ya baba na mama nitayaosha mwenyewe kama kila mwaka. Nitawaambia umebanwa na kazi.

Jambo lililonifanya niandike kabla ya zamu yangu ni dogo. Muuguzi wa wilaya, Bi Sasamori, yule anayezunguka vijijini kutupima presha na kutugombeza kuhusu chumvi, amenishikilia nikuandikie, eti kwa kuwa mdogo wangu ni msomi wa presha huko Osaka. Wiki iliyopita nilikuwa nimeinama jarubani, nikajiinua, mara nikajikuta nimelala matopeni naangalia mawingu. Hakuna kilichovunjika ila heshima yangu, kwa sababu Kamata aliona. Nilipokwenda kwa Dokta Nagumo, presha ilikuwa mia mbili na thelathini. Amenipa vidonge vya kuishusha. Basi, ndiyo hayo. Ukiulizwa, nimekuambia.

Kula vizuri. Wali wa kununua dukani si chakula.

Dada yako,
Towa


Osaka
2 Juni 1982

Dada yangu Towa,

Nakuamkia kwa heshima. Barua yako ilifika siku ile ile mvua za Juni zilipoanza, na chumba changu juu ya duka la mikeka sasa kinanuka majani mabichi kama ghala letu. Mimi ni mzima. Nakula. Wali napika mwenyewe, ingawa chini hushika ukoko.

Kuhusu Obon nimesikia. Mwaka jana ilikuwa bomba la maji, mwaka juzi daraja. Nyumba yetu ina mikosi sana kila Agosti.

Sasa nisikilize kidogo, kwa sababu hilo la kuanguka silipendi. Hujawahi kuniuliza ninachofanya hapa chuoni, nami sijawahi kukueleza vizuri. Ukiinama kisha ukasimama, damu hukimbilia miguuni na presha hushuka. Kwa mtu mwenye afya haidumu hata kidogo, kwa sababu ndani ya mishipa mikubwa ya shingo, kulia na kushoto, kuna neva zinazohisi jinsi mshipa unavyotanuka. Zinapeleka habari kwenye shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Presha ikiwa juu, habari zinamiminika kwa wingi, na shina la ubongo linaamuru moyo upunguze mwendo na mishipa ilegee. Presha ikishuka, habari zinapungua, basi moyo unakazana na mishipa inabana. Hayo yote hutendeka kabla hujamaliza kunyooka mgongo.

Kazi yangu ni kutafuta kemikali gani inapokea habari hiyo pale inapoingia ubongoni. Sisi na wengine tunadhani ni glutamati. Nikimdondoshea panya tone lake dogo kuliko ncha ya sindano pale inapoingia, yaani kituo cha kwanza, presha yake inashuka na moyo unapunguza mwendo, kana kwamba shingo yake ndiyo iliyotoa taarifa. Kituo cha pili kina kemikali nyingine, kazi yake ni kuzizuia zile seli zinazobana mishipa. Na nikiharibu kituo cha kwanza, dada, panya yule hana breki tena. Presha yake inapanda na kuanguka siku nzima. Ukifungua mlango tu, inaruka.

Glutamati hiyo ndiyo ile ile inayotia ladha kwenye supu yako ya kombu, ule mwani wa baharini. Usicheke. Na usizidishe supu pia, maana ya mezani haifiki huko. Ubongo hutengeneza yake.

Nakutumia kipimo kidogo cha presha. Bi Sasamori atakuonyesha. Andika kwenye daftari presha na mapigo ya moyo, umelala na umesimama, na uandike ulikuwa unafanya nini. Nifanyie hivyo, tafadhali.

Mdogo wako,
Seigo


Sakanoshita
21 Juni 1982

Seigo,

Salamu. Miche imeshika, vyura wanapiga kelele hadi nashindwa kusikia redio, na binti wa mwalimu mkuu ameolewa Sendai. Paka wa Kamata kazaa ndani ya ghala letu, watano, wote na sura ya Kamata.

Niliposoma barua yako nilikwenda jikoni nikachukua kile kichupa cha unga wa ladha nikasoma maandishi yake. Ni kweli, kimeandikwa glutamati. Nikamwambia Bi Sasamori, "Mdogo wangu kasoma miaka ishirini na mitano akagundua kuwa kichwani tuna supu." Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaisoma barua yako mwenyewe, mara mbili, akaniambia nivue viatu nilale nipimwe.

Nimekuandikia daftari kama ulivyotaka. Nanakili hapa baadhi, mengine utayaona ndani:

Asubuhi, nimelala, kabla ya chai: 92. Mapigo 70.
Nimesimama kando ya kitanda: 64. Mapigo 71. Nilishika ukuta.
Baada ya kugombana na Kamata juu ya mfereji: 224. Mapigo 118. Kamata hatukumpima, lakini alikuwa mwekundu.
Nimekaa nasikiliza redio: 98.
Imesomwa barua kutoka Osaka: 206.

Hilo la mwisho usilifikirie sana. Mwandiko wako mbaya, mtu anasumbuka kuusoma.

Dokta Nagumo ameongeza vidonge. Kwake huwa mia mbili na kitu kila mara. Nilipomwambia nyumbani ni tisini, alisema kipimo cha nyumbani ni mchezo wa kuigiza, na kwamba wanawake wa umri wangu wanaoishi peke yao hupenda kuanguka ili watazamwe. Nilimuuliza yeye anaishi na nani. Hakunipenda.

Towa


Osaka
18 Agosti 1982

Dada Towa,

Nakuamkia. Obon imepita. Nilikwenda mtoni kutazama watu wa hapa wakiwasha taa zao, nikarudi mapema. Vibanda vya vyakula havikunivutia. Nilikuwa nafikiria jinsi ulivyokuwa ukiniita kwa chakula kutoka ukingo wa jaruba la juu, ile "Seeei!" ndefu iliyokuwa inagonga mlima na kurudi. Watoto wa Kamata walikuwa wanaiga. Hakuna aliyeweza. Nina miaka arobaini na mitatu na bado nikiisikia sauti ya mwanamke akimwita mtoto barabarani, nageuka.

Samahani kwa kuchelewa. Daftari lako lilifika mwanzoni mwa Julai. Nililiweka juu ya meza ya maabara kando ya karatasi za mashine yetu, nikalitazama, kisha nikaliweka kwenye mfuko wa koti. Nilihitaji muda wa kusoma mambo fulani.

Naomba unijibu maswali matatu bila mzaha, dada, hata kama ni vigumu.

La kwanza: je, ukimeza chakula kinakukwama, au maji yanakupalia?
La pili: je, unaona vitu viwili viwili, au unapata kwikwi isiyokwisha, au ganzi usoni?
La tatu: je, umewahi kuumia shingoni, au kufanyiwa lolote shingoni, wakati wowote maishani?

Na hivyo vidonge vya Dokta Nagumo, mwambie Bi Sasamori amshawishi avipunguze. Mimi ni daktari wa panya tu, sina ruhusa ya kukuambia uache. Lakini unapokuwa tisini huhitaji kitu cha kukushusha.

Wasiwasi sina. Nataka kujua tu.

Seigo


Sakanoshita
12 Septemba 1982

Seigo,

Habari za huku ni njema. Mpunga umeinamisha vichwa, mwaka huu ni mzuri, labda wa pili kwa uzuri tangu baba afariki. Figili nazo zimenenepa. Mwezi ujao nitazitundika juu ya moshi, kisha nizitie kwenye pumba za mchele, na Bi Sasamori atakuja kuzihesabia chumvi kama askari wa forodha. Nitakutumia nne. Ukipokea, zifungue zikae kidogo kwenye hewa kabla ya kukata, si kama mwaka jana ulipozikata zikiwa na jasho.

Swali lako la kwanza: ndiyo, chakula hunikwama. Wali mkavu haupiti bila chai. Ni miaka mingi sasa, nimezoea.

La pili: hapana. Naona kitu kimoja kimoja, na vyote ni vibaya.

Nilianguka tena, bafuni, Jumatano. Safari hii unyusi umepasuka kidogo. Mke wa Kamata ndiye aliyenikuta. Presha baadaye ilikuwa 238, na kichwa kiliniuma kama kinagongwa kwa nyundo kwa ndani, kisha baada ya saa moja ikawa 84. Bi Sasamori alikuwa analia, mjinga yule. Nilimwambia asikuandikie.

Kuna upepo leo na nguo ziko nje. Ngoja nizitoe.

Towa


Osaka
20 Septemba 1982

Dada,

Bi Sasamori ameniandikia.

Hukujibu swali la tatu. Sitakuuliza tena kwa barua. Nina rafiki, Dokta Ubukata, tulisoma naye, sasa yuko hospitali ya Akita mjini. Nimeshazungumza naye kwa simu. Anakungoja uende ulazwe siku chache upimwe.

Uchague moja. Ama uende Akita kwa Ubukata kabla ya mwisho wa mwezi, ama mimi nakuja Sakanoshita Jumamosi ya tarehe 2 Oktoba, paa livuje lisivuje, nitalala ghalani na paka.

Nijibu kwa telegramu.

Seigo


(Telegramu)
Omagari, 24 Septemba 1982

NAKWENDA AKITA. USIJE. TOWA


Akita mjini
17 Oktoba 1982

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa kitandani hospitalini. Mpunga umevunwa bila mimi. Kamata, amini usiamini, ndiye aliyevuna majaruba yetu, yeye na wanawe, na akatuma ujumbe kwamba amefanya hivyo kwa sababu mpunga wetu ulikuwa unamharibia mandhari. Mke wake analisha paka.

Ubukata wako ni mtu mwenye mikono baridi na maneno mazuri. Siku ya kwanza aliniambia, "Mama Odashima, tuondoe hicho kitambaa shingoni."

Nikasema, "Nasikia baridi."

"Humu wauguzi wanatokwa jasho, mama."

"Mimi ni mtu wa mlimani."

Akavuta kiti akakaa. Akasema, "Seigo hayupo hapa. Niko mimi tu."

Basi nikakitoa.

Seigo, keti kama umesimama. Majira ya baridi ya mwaka 1966, ulipokuwa unajiandaa kwa mtihani wako mkubwa, nilikuandikia kwamba nimekwenda kwenye chemchemi za maji moto kutuliza mgongo. Sikwenda chemchemi. Nilikuwa na uvimbe kooni. Walinipasua upande wa kushoto, kisha wakanichoma kwa mionzi pande zote mbili, wiki sita. Baba alijua. Nilimfanya aape mbele ya picha ya mama kwamba hatakuambia. Ungeuacha mtihani, nakujua, ungekuja mbio na kitabu mkononi na usingerudi tena huko.

Nilipona. Ngozi ikabaki ngumu na nyeusi, hilo halikunisumbua, mimi si mwigizaji wa sinema. Lakini sauti ilikwenda. Ilipokuja ilikuwa nyingine. Ni sauti ya mzee muuza mkaa. Mara ya kwanza nilipoita kuku walinikimbia.

Nilikusudia kukuambia ukishafaulu. Ukafaulu, ukaandika barua ndefu, na ndani ukaandika kwamba siku ya mtihani ulipokwama ulijikumbusha sauti yangu nikikuita kutoka jarubani. Niliiweka ile barua chini, nikajua sitaweza. Nilitaka mtu mmoja duniani abaki nayo, ile ya zamani. Mimi mwenyewe nimeshaisahau ilivyokuwa.

Kwa hiyo hakuna simu. Kwa hiyo daraja, bomba na paa. Na msiba wa baba, mwaka 1974, sikuwa na mafua yaliyonifunga sauti, kama ulivyoambiwa.

Ubukata alinidunga dawa ya kupandisha presha akatazama mashine. Alisema moyo ulipaswa kupunguza mwendo, na wangu haukujali. Alinitia mkono kwenye maji ya barafu, presha ikapaa hadi muuguzi akashika mdomo. Kisha akanigusa bega akasema, "Si ubongo, mama. Ni shingo." Akatoka nje haraka kwenda kukupigia simu. Nilidhani ananipa habari mbaya, mpaka nilipoona kupitia mlango wa kioo kwamba anacheka kwenye simu.

Sasa unajua. Usinijibu haraka.

Towa


Osaka
29 Oktoba 1982

Dada yangu,

Nakuamkia. Sikukujibu haraka kwa sababu siku nne za kwanza nilikuwa nimekasirika na singeandika kitu cha adabu.

Ngoja nikuambie nami nilichokificha. Nilipoliweka daftari lako kando ya karatasi za mashine, vilifanana. Namba zako zilikuwa zile za panya niliowaharibu mimi mwenyewe shina la ubongo, kupanda na kuanguka vilevile. Na uliposema chakula kinakukwama, nikaamini kwamba kuna kitu kinaota pale pale katika kituo ninachokisoma kila siku, mahali ambapo kisu hakifiki. Kwa wiki nne sikuweza kufanya kazi. Nilikuwa nafungua mlango wa chumba cha panya, naona mashine inaruka kwa sababu ya mlango tu, nafunga tena. Ubukata aliponipigia akasema "shingo", nilikaa sakafuni koridoni. Mkuu wa maabara alidhani nimefiwa.

Shina la ubongo wako ni zima, dada. Glutamati iko tele. Ila mionzi ile, iliyokaza na koo lako, iliunguza taratibu zile neva za shingo, kulia na kushoto, miaka hii yote, na sasa hakuna anayepeleka habari. Ubongo haujui kama presha iko juu ama chini, kwa hiyo kila hasira na kila furaha inapanda bila breki, na kila utulivu unakuangusha. Vidonge vya Nagumo vilikuwa vinakuangusha zaidi. Hukuwa unaigiza. Nimemwandikia Nagumo mwenyewe, kwa lugha ya heshima sana, kurasa tatu.

Kidonge kidogo alichokupa Ubukata hufanya kazi ndani ya shina la ubongo lenyewe. Kinazituliza zile seli zinazobana mishipa na kukimbiza moyo. Usikiache ghafla hata siku moja, presha itaruka vibaya. Ukiamka, kaa ukingoni mwa kitanda hadi uhesabu mia. Fimbo ya baba iko wapi? Itumie.

Sasa lile jingine. Siku ya msiba wa baba ulinipokea mlangoni, ukainamisha kichwa, hukusema neno. Ulinionyesha kwa mkono mahali pa kukaa. Nikadhani hujanisamehe kwa kuondoka, kwa kukuachia baba na majaruba na maisha yako yote. Ndiyo maana niliondoka na treni ya alasiri. Nilisimama mlangoni nikingoja useme "lala". Ungesema kwa sauti yoyote ile, ya muuza mkaa, ya chura, ningelala. Ningelala mwezi mzima. Miaka minane, dada, nimekuwa nikisoma "usije" zako nikidhani maana yake ni usije.

Sauti ile ya zamani ninayo na haitanitoka. Lakini ina umri wa miaka thelathini, na inachojua ni kuniita nije kula tu. Nataka kusikia ya mtu anayegombana na Kamata.

Nimeomba likizo, nimepewa wiki mbili. Treni yangu inafika Omagari tarehe 29 Desemba, saa nane na dakika kumi mchana. Sikuulizi. Usije stesheni kunipokea. Jukwaani kuna upepo, utasimama muda mrefu, na furaha nayo hupandisha. Nitachukua teksi.

Mdogo wako,
Seigo


Sakanoshita
12 Desemba 1982

Mdogo wangu Seigo,

Salamu za theluji. Imefika usawa wa dirisha la jikoni na bado inashuka. Wanawe Kamata wanakuja kuikwangua paani. Paa lenyewe ni zima, halijawahi kuvuja hata tone, nimewakataza wasikuambie lakini nakuambia mwenyewe. Samaki wa msimu wamefika kutoka pwani, wamejaa mayai, nimekuwekea pipa dogo.

Presha: asubuhi nikilala 118, nikisimama 96, na nasimama kweli, sishiki ukuta. Nilipogombana na Kamata jana ilikuwa 164. Aliposikia amenifikisha mia moja sitini na nne tu, aliona ameshushwa hadhi. Sijaanguka tangu nitoke Akita. Kinywa kinakauka na nasinzia mchana kama paka, Ubukata anasema ni kidonge. Ameniambia pia kwamba mimi nisiache chumvi kabisa, presha isije ikashuka mno. Akita nzima wanaambiwa waache, mimi peke yangu naambiwa nisiache. Bi Sasamori imembidi amwandikie Ubukata kuthibitisha.

Dokta Nagumo alikuja nyumbani kwa miguu, kwenye theluji. Alikaa mlangoni, hakuvua koti. Alisema, "Odashima-san, nilikosea." Nikamwambia, "Ingia, chai itapoa." Alisikia sauti yangu miaka kumi na sita, na sikuwahi kumwona akiisikiliza kama siku ile.

Kuhusu ulichoandika juu ya siku ya msiba. Niliisoma ile sehemu nikiwa nimekaa, kama nilivyoelekezwa, na bado ilipanda 190. Nilikuwa nimekuandalia kitanda siku ile, Seigo. Godoro nililianika kwenye jua la asubuhi, juu ya fito dirishani, siku mbili kabla. Ulipofunga viatu nilikuwa jikoni nimeshika mdomo kwa mikono miwili. Neno lilikuwa moja tu, na sikulitoa. Sina la kuongeza hapo. Nimekuwa nikilifanyia mazoezi.

Stesheni nitakuja. Usibishane, nimeshamwambia Kamata atanileta na lori lake, na amekubali bila hata kudai mfereji. Nitafika mapema nikae ndani karibu na jiko la mafuta, nimeze kidonge changu kwa wakati. Kuna benchi mkabala na mlango wa kutokea.

Kwa hiyo ukitoka ukanikuta nimekaa, watu wengine wote wamesimama na kupunga mikono, usidhani sikufurahi kukuona. Ningoje kidogo. Nitasimama taratibu.

Dada yako,
Towa